Kola Hizi Nazijua

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo haujambo? Mimi nimefika salama.

Baba, nimevuka daraja moja tu la mpakani, lakini nimeona mambo! Upande wetu basi lilituchekecha kama mchele kwenye ungo. Upande huu lami tupu, nikalala fofofo. Umeme haukatiki, na nguo ikichanika watu wanatupa, hawana habari na fundi. Kiwandani kuna vyerehani mia mbili. Ila usinicheke: nashona kola tu. Asubuhi kola, jioni kola. Mikono ya shati ina wenyewe.

Kitindamimba wako

20 Mei

Mama,

Marahaba, binti yangu. Mgongo haujambo, namshukuru Mungu.

Sokoni yameingia mashati kutoka huko uliko, bei ya kutupa. Wateja wamenikimbia, mwezi huu nimeshona suruali moja tu. Nikanunua shati moja kwa hasira, nikafumua kola nimjue huyo anayeniua kwa njaa. Loo! Kwenye ncha, mishono mitatu imerudiwa, vilevile nilivyokufundisha. Nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Kola safi, mwanangu. Mikono ndiyo ovyo kabisa.

Sijui nitalifungua duka hadi lini.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikalia. Kumbe mimi ndiye ninayekufungia duka! Mwisho wa mwezi naacha kazi, narudi. Usinibishie.

Mwanao

11 Juni

Mama,

Marahaba. Futa machozi, uache na wazimu.

Yale mashati hayamalizi mwezi, mikono inaachia kwapani. Wateja wanarudi mmoja mmoja, eti wamepita kunisalimia, na mfuko wameuficha mgongoni. Leo nimekaza kumi na moja. Kola sigusi. Kwa hiyo njaa hainiui, na ukirudi kwa kunionea huruma nitakasirika kweli.

Nakukumbuka sana. Sikusema mapema kwa sababu nilijua ungekuja mbio.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Haya, umeshinda, kazi siachi. Nimeomba likizo, nimepewa wiki mbili. Basi linaondoka Alhamisi.

Posta ya kwetu naijua, huenda nikaitangulia barua hii. Ikifika nikiwa nimekaa hapo dukani, nisomee kwa sauti.

Mwanao