Nimeisifu Bunduki Iliyonisaliti

Mpendwa Mama Agafia wa redio yetu ya mtoni, naomba msaada, maana hapa nilipo nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mume wangu, nimwite Evon japo silo jina lake, aliniletea zawadi kutoka mjini, bunduki mpya inayong'aa, nene, yenye kujikoki yenyewe, akaninong'oneza, "Malkia wangu, hii inaangusha hata dubu wawili," nami nikafurahi mpaka nilipoifyatua, Mama, bega likawa zambarau kama beri, na tangu hapo nikiishika tu nafumba macho kabla haijalia. Baridi ilipokaza nikaenda nayo mawindoni, kulungu dume mkubwa akasimama mbele yangu kama ananingoja, nikavuta, bunduki kimya, mafuta yameganda ndani! Basi nikakimbilia kwa binamu yangu Balasia, nikaazima bunduki yake kuukuu ya kukoki kwa mkono, kitako kimefungwa waya, nikarudi porini, na risasi moja ikamtosha kulungu.

Siku ya kugawa nyama wazee wakaniuliza nimewezaje, nami nikaogopa kujisifu, kwani wanyama wanasikia, nikajibu, "Si mimi, ni bunduki." Evon akaruka juu, "Mmesikia? Ile niliyompa mke wangu!" Nikatazama furaha yake, nikainamia nyama nikaendelea kugawa. Sasa bunduki hiyo mpya amemwazima kaka yake, shemeji yangu Wasili, anayekwenda kambini kutega mitego peke yake mpaka barafu ya mto ivunjike, na Wasili ameniachia ya kwake ya zamani! Kesho asubuhi anaondoka. Nikisema, nitamuaibisha mume wangu. Nisiposema, silali. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Bega Bovu

Binti yangu, pole kwa bega. Jina umeficha bure, kwani pua ya kulungu huyo niliichemsha mwenyewe na nikalamba vidole. Hongera!

Ila nitakugombeza kidogo. Wazee walitukataza kujisifu, hawakutukataza kusema kwamba bunduki ni mbovu. Ulitaka kuwa mnyenyekevu, ukaishia kumfanyia biashara muuza bunduki wa mjini. Na Evon wako anakupenda, hilo halina ubishi, lakini alichagua kwa macho. Chombo cha kazi huchaguliwa kwa bega la mwenye kukibeba.

Wasili anakwenda mahali ambapo chakula ni kile atakachokiua, na hakuna jirani wa kumwazima kitu. Arudishiwe ile yake ya zamani aliyokuachia, ya kukoki kwa mkono, aliyoizoea, ambayo risasi zake zinauzwa dukani kwetu na hata majirani zetu hapa wanazo sandukuni. Aifute mafuta mpaka iwe kavu kabisa. Akifika kambini aiache kwenye ukumbi wa mlangoni usio na moto, asiiingize penye jiko ikatoka jasho kisha ikaganda. Abebe pia kibunduki kidogo cha sungura na kware, kwa sababu kulungu haji kila siku, na tumbo linakuja kila siku. Hiyo nene ibaki nyumbani, Evon aipige kiangazi mpaka bega lake nalo liwe na rangi.

Mumeo mwambie wewe kwanza, mkiwa wawili. Sema, "Mume wangu, zawadi yako naipenda, lakini inanipiga, na kwenye baridi inalala." Atanuna, atakunywa chai, atanuna tena. Mwache. Aibu ya mwanamume huisha kabla birika halijapoa, na kaka yake anampenda kuliko bunduki yoyote. Halafu nendeni wote wawili kwa Wasili, sasa hivi, mkabadilishane bunduki hizo.

Na wewe kijana unayefunga mizigo juu ya pikipiki ya theluji huku redio ikiwa imewashwa, najua unanisikia. Fungua hiyo kamba, shemeji mtu. Bandika maji ya chai, una wageni njiani.