Kubadilishana Mama

Mama,

Leo ni Jumapili, niko chumbani kwangu huku Buhare. Nimefua, nimepika ugali wa muhogo kwa unga wako wa mwisho, nikala nusu. Wenzangu wamekwenda ziwani kuogelea, nikawaambia nina mtihani. Wewe siwezi kukudanganya, nimekaa tu. Ni miezi minne sasa tangu tukuzike Kiriba, na simu ikiita Jumapili saa nane, saa yako, bado nairukia.

Baba anakula, ila anakula amesimama. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Viboko wameingia kwenye mahindi ya upande wa ziwa wakala karibu nusu ya shamba, na Baba hata kelele hakuwapigia. Nilipomuuliza akasema, "Wacha wale." Sikupenda alivyosema.

Sasa yangu. Mama, nimeacha kuingia kile chumba. Unajua nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake, na tumeletwa hospitali hapa Musoma kujifunza kwa vitendo. Kuna chumba cha kupima saratani ya mlango wa kizazi. Zamu yangu ikifika nabadilishana na mwenzangu. Nachukua wodi ya wazazi, nachukua upasuaji, nachukua chochote. Profesa anayetusimamia aliniita, akaniambia bila ukali, "Daktari, bila chumba kile siwezi kukusainia. Utarudia mwaka." Nikajibu nimeelewa. Hakuuliza sababu, na mimi sikusema. Tunafundishwa kumuuliza mgonjwa kama analala vizuri, kama ana mtu wa kuzungumza naye. Sisi kwa sisi hatuulizani. Daktari akilia anaambiwa akanawe uso, wagonjwa wanasubiri.

Sababu ninayo tangu siku tulipoanua matanga. Mama mdogo alinivuta nyuma ya jiko kabla hajapanda gari la kurudi kwake Butiama. Akasema, "Dada alikujaga kupima, mwanangu. Akakukuta wewe mlangoni."

Siku hiyo naikumbuka yote. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la kliniki na kitenge chako cha kanisani, sweta juu, jua linawaka. Nilitoka kumwita mgonjwa mwingine, nikakuona. Jinsi nilivyofurahi, Mama! Sikuuliza umefuata nini. Nilikushika mkono nikakuzungusha kila chumba: huyu ndiye mama yangu, aliyenizaa, mwangalieni vizuri. Manesi wakapiga vigelegele. Wenzangu ninaosoma nao, Magori na wengine, wakakuamkia. Profesa akakupa mkono kwa mikono miwili. Ulicheka, ukasema umekuja kunisalimia tu na kuniletea samaki wakavu, furu wa ziwani kwetu.

Kumbe kila niliyekutambulisha kwake nilikuwa nakufungia mlango. Kwetu mzazi hata kanga habadilishi mbele ya mwanawe. Mimi, kwa mdomo wangu, nikawafanya wote mle ndani kuwa watoto wako. Ungevua mbele ya nani?

Ulilala kwangu usiku ule. Chumba kilikuwa na harufu, nikasema, "Mama, hawa furu hawakukauka vizuri," nikawatoa nje. Ukajifunga kitenge vizuri. Asubuhi niliwaangalia, walikuwa wakavu kabisa, wazuri. Nikawarudisha ndani wala sikufikiri zaidi. Mimi niliyefundishwa darasani harufu ya saratani ile. Mimi niliyewaambia wanafunzi wadogo kwamba ukiingia wodini utaijua kabla hujaona mgonjwa. Ulipoletwa baadaye ukivuja damu, hapakuwa na la kufanya ila dawa ya maumivu, na bado wewe ndiye uliyenibembeleza mimi.

Nina hasira na wewe pia. Ungesema tu, "Nipeleke kwa mwingine." Bunda kuna wapimaji, Mwanza wamejaa. Nisingekuuliza swali hata moja. Halafu najijibu kwamba ningeuliza. Ningeuliza maswali kumi, tena ningetaka kuja na wewe. Hapo hasira inaisha, nabaki na aibu yangu.

Wiki hii iliyopita alinifuata Magori, yule mrefu wa Bunda uliyesema anakula kama anayetoka kuvuna pamba. Alizunguka kwenye mpira, akazunguka kwenye mvua, mwisho akasema, "Nyangeta, mama yangu hajawahigi kupima. Tangu tumzike mama yako silali vizuri. Siwezi kumpima mimi. Nakuomba wewe." Alikuwa na watu wengine wa kuwaomba. Aliniomba mimi, huku akijua wazi kwamba nakikimbia kile chumba.

Nilitaka kukataa. Badala yake nikajisikia nikimpa sharti: asimsindikize, na asimtambulishe kwa mtu yeyote. Aje na kadi yake kama mwanamke mwingine yeyote.

Jumatano mama yake akaja na basi la asubuhi. Mama mnene kidogo, bado kijana, alimzaa Magori akiwa msichana. Alipanda kitandani akajifunika uso na kanga. Mikono yangu ilikataa. Vifaa viligongana kwenye sinia hadi akafunua jicho moja. "Binti, unatetemeka," akasema. "Si mimi ndo nilitakiwaga kutetemeka?" Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mle hospitali tangu ufe, na mikono ikatulia.

Nilipaka siki, ambayo hugeuza penye kasoro kuwa peupe, tukasubiri kidogo. Likatokea doa jeupe, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Si saratani. Ni kitu ambacho ukikiacha miaka kinaweza kuwa saratani. Nilimweleza, akakubali, nikalichoma kwa joto palepale.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Ndo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, Mama. Dakika chache. Hata kwako kuna mwaka lilikuwa doa jeupe tu, na mimi mwaka huo nilikuwa bwenini nakariri majina ya mifupa. Nilipomaliza kumwandikia tarehe ya kurudi niliingia stoo ya mashuka nikalia mpaka nesi akagonga. Hakuniambia nikanawe uso. Aliniletea maji akasimama mlangoni, wasiingie wengine.

Magori alinitazama jioni nzima bila kuuliza. Nikamwambia akamuulize mama yake, siri ni ya mama. Kesho yake akatukusanya sisi sita tunaosoma pamoja, akasema tubadilishane mama. Kila mtu amlete wake, apimwe na mwenzake, mwenye mama asionekane karibu. Tulicheka, lakini karatasi ikazunguka, kila mmoja akaandika. Ilipofika kwangu nilikaa na kalamu. Kila mtu ana mama wa kutoa isipokuwa mimi. Sijawahi kujiona peke yangu kama dakika ile, nikiwa katikati ya watu watano wanaonipenda.

Kisha nikaandika Butiama. Jana nimempigia Mama mdogo. Nikamweleza mpango wetu, akauliza, "Huyo daktari ananijuaga?"

"Hakujui."

"Na wewe siku hiyo utakuwa wapi?"

"Mbali."

"Basi nitakuja."

Anakuja Alhamisi. Kesho Jumatatu ni zamu yangu kwenye kile chumba na sijabadilishana na mtu, nitaingia.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi, Alhamisi sitampokea stendi. Sitamshika mkono, sitamwonyesha kwa mtu. Nikikutana naye kwenye korido nitainamisha kichwa nimpite kama simjui, hata akinitazama, hata nikitamani kumkumbatia. Ndicho ulichohitaji kutoka kwangu siku ile, na ndicho pekee nilichoshindwa kukupa.

Mwanao,
Nyangeta