Kombaini ya Ijumaa

Salma mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Doha. Goti langu limetulia, na nimefurahi kusikia mama yako ametoka hospitali.

Umeniuliza kama walikuonea walipokuacha nje ya kombaini ya shule kwa sababu ya takwimu.

Nilipokuja huku tulikuwa na ligi ya wafanyakazi, madaraja mawili, mechi kila Ijumaa. Msimu ukiisha, kila daraja lilichagua kombaini yake ya wachezaji bora kwa takwimu: mabao, pasi za mabao, mechi ulizocheza. Hatukutaka maneno ya upendeleo. Wengi walioingia walikuwa matarishi wa West Bay, mtaa wa maofisi, ambako kazi husimama Ijumaa. Idi, beki wetu bora, hakuwemo. Alikuwa dereva wa nyumbani, na Ijumaa ndiyo siku tajiri wake hutembea na familia.

Siku kombaini zilipokutana, Idi aliwaleta watoto wa tajiri kutazama. Alibaki garini. Tukafungwa mabao mawili, yote kupitia upande ambao Idi huulinda.

"Lakini takwimu hazidanganyi," mwenzangu wa timu akamwambia tulipomfuata garini baada ya mechi.

Idi akateremsha kioo. "Hazidanganyi. Zimewahesabu wenye Ijumaa."

Wewe siku za mechi, Ijumaa zako, ulikuwa wodini ukimuuguza mama yako.

Babu yako,
Mzee Shabani