Madirisha ya Banda la Pareto

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Matembwe sote wazima. Bibi yako anakusalimu. Unauliza kama ufunge madirisha ya chumba chako cha kukuzia uyoga, baridi ikizidi.

Enzi za Mwingereza, nikiwa mwanafunzi, nilimsaidia mjomba wangu kukausha maua ya pareto katika banda la mzungu aliyemwajiri. Nilifunga madirisha ili joto lisipotee.

"Wewe msomi, mvuke utatokea wapi?" mjomba alinitania, akayafungua.

Alipotoka, kipimajoto kilishuka. Nikayafunga tena. Asubuhi maua yote yalikuwa yameoza.

"Nani alifunga?" mzungu aliuliza.

Niliinamisha kichwa.

"Mimi, bwana," mjomba akajibu. Alifukuzwa palepale.

Hakunilaumu, ila hakuniita tena msomi hadi anakufa.

Yaache wazi kidogo, hata ukitetemeka.

Babu yako