Mama Yako na Mchezo Wake Mpya

Nyuma ya Kiwanda cha Chaki,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka Miayo,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu mzima? Na yule mrembo wetu ameshaanza kutembea, au bado anabebwa kama bibi harusi? Sisi hatujambo, ila goti langu linalalamika, na ukumbini ngazi haziishi.

Najua jina hilo hulipendi. Lakini ulilipata pale sebuleni, shangazi, mama yako, akikuonyesha kila mchezo mpya kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulipopiga miayo, alikata sehemu hiyo. Waigizaji wazima na ndevu zao walinuna kwa sababu ya kitoto kisichojua kufunga kamba za viatu!

Barua yako imeniuma. Unasema alikuwa mama wa watoto wote ila wewe. Siwezi kukubishia, kaka. Jumamosi zako alizigawa kwa watu, na mimi nilikuona umekaa dirishani, umeshavaa, ukimngoja. Nilikuonea huruma sana.

Lakini ujue alikokuwa. Wakati ule watoto hawakuwa na maonyesho yao. Walichungulia ya wakubwa mpaka wafukuzwe. Watu walimcheka, eti mwanamke mzima anacheza na vikaragosi. Akachukua ghala la unga, akaligeuza ukumbi wa watoto, akapunguza miguu ya mabenchi ili miguu midogo ifike chini. Mwaka mzima tulikuwa tunapiga chafya unga.

Sasa macho yake yanafifia. Daktari amesema wazi kwamba mwakani huenda asitambue sura ya mtu. Yeye amekaza uzi, anatengeneza mchezo mpya: mtoto amekaa dirishani, anamsubiri mama yake. Hakuniambia mtoto huyo ni nani, nami sikuuliza.

Baba yako anakusalimu. Bi Sindano, mshonaji wetu wa mavazi, anauliza kiuno chako kimefikia wapi. Ana wasiwasi nacho. Mbusu mtoto, msalimie wifi.

Nimezunguka vya kutosha. Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Juzi fundi wa mabango alikuja kuuliza aandike onyesho ni lini. Unamjua shangazi: hajawahi kuahirisha, hata wiki tuliyomzika baba yangu, kaka yake wa pekee. Safari hii alipangusa miwani, kisha akasema, "Hiyo tarehe muulizeni mwanangu."

Basi nakuuliza.

Mungu awafungulie njia.

Akupendaye daima,
Dada yako wa ukumbini