Makande Hayana Kosa

Myamba, Jumanne 4 Machi 2025. Asubuhi ukungu, manyunyu hadi saa tatu.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana tangu Novemba nikienda haja kubwa naona damu na kuna kinyama kinachowasha, nikasema ni bawasiri, nikaacha pilipili, nikaacha tangawizi ninayoilima mwenyewe, mwisho nikaacha makande, na hapo mama mkwe akaniuliza mbele ya wageni, "Mke wa Wilbard, umeyakataa makande au umenikataa mimi?" nikajibu meno yananiuma, sasa napikiwa uji na damu haijakoma. Nimesoma kwenye simu kwamba kuna saratani adimu ya sehemu hiyo, nikajikagua kwa utaratibu: sivuti sigara, kipimo cha Ukimwi ni safi, mume wangu ni mmoja tu, naye ni mzee wa kanisa, kwa hiyo haiwezi kuwa mimi, ingawa miaka sita iliyopita nilitibiwa dalili za awali za saratani kwenye shingo ya kizazi, lakini huko ni kwingine na nilipona. Ningekwenda zahanati, ila tabibu ni Asheri, mume wa binti yangu Agape, ambaye akipita tu naikaza kanga, nitamwonyeshaje? Je, niache na maharage? Jana nililala saa nane na robo usiku.

Mama Agape

Mama Agape, pole. Makande yarudie leo, umwondolee mama mkwe simanzi. Umejikagua kama karani, ukafuta kila kitu, kisha jambo lenye uzito ukalificha nyuma ya "ingawa". Virusi vinavyoharibu shingo ya kizazi, vile wanavyochanjiwa wasichana shuleni, ndivyo mara nyingi huhusishwa na saratani hii, na aliyewahi kutibiwa huko hatari yake huongezeka. Virusi haviulizi nani ni mzee wa kanisa.

Sisemi unayo. Huenda ni bawasiri kweli, kwa wengi huwa ni hiyo. Lakini hilo halijulikani kwa barua wala kwa simu. Linajulikana kwa kukaguliwa, na ikibidi kinyama kikatwe kipande kipimwe.

Asheri mwachie heshima yake. Wiki hii panda gari la alfajiri, shuka mjini Same, nenda hospitali, omba daktari mwanamke, na neno lako la kwanza liwe lile la miaka sita iliyopita. Mama mkwe mwambie unakwenda kutibiwa meno, uongo huo umeshaulea. Wilbard mwambie ukweli, akusindikize.

Kinachokukeshesha hadi saa nane si maharage, nawe unajua. Ukirudi, niandikie tena saa uliyolala.