Kaseti ya Baba Imetoka Kabatini

Aleppo, 9 Mei 1991

Kwa kaka yangu mpenzi Rushdi,

Salamu zangu zivuke bahari zikukute mzima, wewe, shemeji Elvira na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi uko imara. Jana amemfokea muuza pistashio mpaka akaongezewa viganja viwili. Anauliza kama huko Buenos Aires mmejifunza kupika kebabu ya cheri au bado mnakula nyama tupu kama simba. Nami mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na aliyeuumiza ni Subhi.

Subhi, yule mtoto wa fundi saa tuliyekula naye sahani moja. Kila Ijumaa baada ya sala tunakutana dukani, katikati ya sabuni za Baba, wapenzi sita wa nyimbo. Kila mmoja huja na kaseti anayoisikiliza wiki hiyo, huieleza, kisha tunaipiga upande mzima bila mtu kugusa kitufe. Ruhusa ni kuguna tu, na kupaza "Allah!" panapostahili. Mwiko mkubwa kuliko yote ni mmoja: kaseti ya kuazimwa husikilizwa, hainakiliwi. Subhi mwenyewe ndiye aliyeuweka, na aliwahi kumfukuza mtu kwa kuuvunja.

Mwaka jana nilimwazima kaseti ya Baba. Hujapata kuambiwa kwamba ipo. Mchana ule ulipobeba begi ukatoka bila radhi yake, wageni walibaki mezani wakambembeleza aimbe, na mjomba Nazih akamrekodi kwa kificho. Unajua Baba hakutaka mashine. Alikuwa akisema sauti yake ni ya wanaomtazama usoni. Nimeificha kabatini miaka ishirini. Nilimpa Subhi kwa sababu nilichoka kuisikiliza peke yangu, naye akaapa kwa kaburi la mama yake.

Ijumaa iliyopita akaja na kaseti mpya, bado imo ndani ya karatasi yake inayong'aa, anachekelea kama baba wa bibi harusi. Akasema, "Wiki hii nasikiliza hii, na wiki ijayo mji mzima utaisikiliza." Ile pumzi ya kwanza tu, nikamjua Baba. Wenzangu wakapagawa. "Allah! Rudia, mzee, rudia!" Haji Bakri akalia hadi ndevu zikalowa, akauliza ni nani huyu. Subhi akamjibu bila haya kwamba ni mwimbaji wa zamani asiyejulikana jina. Asiyejulikana! Na sabuni zenye jina la Baba zimepangwa kushoto na kulia kwake.

Sikugusa kitufe, maana mwiko ni mwiko. Upande ulipokwisha nikamwambia mbele ya wote kwamba nilimpa amana naye kaifanya bidhaa. Akanicheka. "Acha uchoyo, Munzir. Umekaa na hazina unaitafuna gizani kama panya na jibini, halafu mimi ndiye mbaya?" Eti jina aliliacha kwa kumheshimu Baba. Eti duka la kaseti lililoitoa hupeleka kaseti kwa watu wetu wa Amerika ya Kusini, na masanduku mawili ya Buenos Aires yamekwishaondoka. Kaka, nimesalitiwa na mtu niliyemwita ndugu, tena kwenye kiti cha Baba.

Kisha akaongeza, kwa kujisifu, kwamba upande wa pili hakukata pale mzee anapoacha kuimba na kusema maneno, kwa kuwa hapo ndipo watu watalia zaidi. Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa nimwite msaliti. Nikakifunga, na leo nimeshika kalamu.

Ukiisikiliza, katikati ya wimbo utasikia sinia likianguka. Ni Mama. Halafu Baba anasema: "Munzir, kimbia stendi. Mwambie kaka yako nimemsamehe. Arudi achukue radhi yangu, ndipo aende." Halafu nyayo za mtu anayekimbia. Ni mimi.

Nilirudi nikasema basi limeshaondoka. Baba, asiyejua kuandika, akaniagiza nikuandikie. Nikamwambia nimeandika. Miaka mitatu baadaye akafa akiamini ulisoma ukanyamaza. Nawe hukuja mazikoni ukiamini alikufa na kinyongo. Mama mpaka leo anakuona mwenye moyo mgumu. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea, na palipotajwa Baba huwa naparuka.

Basi lilikuwa bado lipo, Kaka. Ulikaa dirisha la tatu, unamenya chungwa. Nilijibanza nyuma ya nguzo mpaka likaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Maisha yangu yote nilikuwa mdogo wake Rushdi, na siku ile nilitaka niwe mtoto wa Baba. Sina sababu nyingine.

Kesho nitamsomea Mama barua hii, bila kuruka neno. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Haji Bakri anakusalimu. Subhi hakutuma salamu, wala sikumwomba.

Hii ndiyo ile barua niliyoagizwa. Baba amekusamehe, na anasema urudi uchukue radhi yake.

Ni mimi mdogo wako, kama bado unanihesabu,
Munzir